Sanduku Jepesi la Zuleica

Rizuane alikuja kwenye cherehani yangu asubuhi moja ya Juni, akakaa kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa, akaniambia anataka nimshonee nguo za sanduku. Nikafurahi mpaka nikaacha kushona. Bibi harusi wake ni Zuleica, mtoto wa kaka yangu, na kwetu Mocímboa da Praia sanduku ndiyo harusi yenyewe. Mwanamume analileta nyumbani kwa kina bibi harusi, wanawake wa pande zote mbili wanakaa, linafunguliwa, na kila nguo inanyanyuliwa juu ipigiwe vigelegele. Nusu ya masanduku ya mtaa huu nimeyashona mimi, Cadija. Nusu iliyobaki nimeyasengenya.

Nikamuuliza anataka doti ngapi. Akasema hataki doti. Nikamuuliza magauni mangapi. Akasema gauni hata moja.

"Nataka nguo za baiskeli, shangazi," akasema. "Chache tu, zimtoshe mwaka mzima, jua na mvua."

Nilimtazama kama mtu aliyekuja kununua cherehani yangu kwa embe. Lakini Rizuane hakuwa anatania. Zuleica ni mwalimu, na ana baiskeli ya mbio, ile yenye matairi membamba na usukani uliojikunja kama pembe za kondoo. Kila Jumamosi, akishaswali alfajiri, anaifuata lami mpaka Diaca na kurudi, na akirudi anacheka peke yake uani huku anakunywa maji. Mama yangu, Bibi Hafsa, alishatoa hukumu: mwisho wa baiskeli ni siku ya ndoa. Mke wa mtu hakanyagi pedali barabarani. Na mama akishasema, ndugu zangu wote wanainamisha vichwa, wenye ndevu na wasio na ndevu.

Hapo ndipo nikaelewa ujanja wa kijana huyu. Kwetu, nguo iliyopokewa sandukuni mbele ya wanawake imekwisha kupitishwa. Hakuna wa kumkataza bibi harusi kuivaa, awe mume, mama mkwe au bibi mzaa baba. Zikipokewa, Zuleica ataendesha baiskeli maisha yake yote. Zikikataliwa, sanduku linarudi, harusi inasimama, na baiskeli inauzwa.

Nikamshauri achanganye, aweke doti za kutosha na hizo nguo zake azifiche chini. Akasema Zuleica amekataa. Ukichanganya, wanawake watachagua doti na nyingine watazirudisha, ni haki yao. Zikiwa peke yake, itabidi waseme ndiyo au hapana. Tena Zuleica alikuwa na neno lake jingine: nguo nyingi zinakukalisha ndani unachagua, chache zinakutoa nje.

Mimi nilisema wote wawili wamerukwa na akili. Kisha nikatoa futi.

Nilianza vibaya. Shati la kwanza nililikata kwenye kapulana, kanga yetu ya pamba, maua mekundu, zuri la kuvalia Idi. Zuleica akarudi kutoka Diaca limemning'inia kama dekio, limemchubua kwapa, na kwa unyevu wa pwani yetu hata kesho yake asubuhi lilikuwa bado halijakauka. Nililikasirikia lile shati kama mtu. Nikaenda kutafuta kitambaa cha jezi za mpira, kile chepesi kinachoteleza vidoleni, nikashona lenye mikono mirefu ya kukinga jua na mifuko mgongoni. Hilo alilifua jioni, na kabla hajalala lilikuwa limekauka. Nilicheza mbele ya kamba ya nguo, majirani wakiniona.

Suruali ndiyo iliyonitoa jasho. Lazima ibane, na pale anapokalia iwe na kigodoro. Nikachukua sponji ya godoro, nene, nikasema mtoto wa kaka yangu hatakaa pagumu. Akarudi anatembea kama bata. Nikapunguza, nikahamisha mshono, nikafumua, nikashona tena. Kila Jumamosi anaijaribu, kila Jumamosi mchana ananionyesha kwa kidole palipomuuma, na mimi nafumua. Mpaka siku moja akashuka, akasimama, akafikiri, akasema hakukumbuka kabisa kama amevaa suruali. Hiyo ndiyo sifa kubwa niliyowahi kupewa katika kazi hii.

Nilishindwa kukaa nyumbani. Asubuhi moja ya Julai, yenye baridi ya kutia mikono kwapani, nikapanda pikipiki ya Rizuane tumfuate Zuleica nione nguo zinavyofanya kazi barabarani. Nilikuwa nimemshonea koti la mvua, nalijivunia. Kabla ya nusu ya njia nikaona limejaa upepo kama puto, na ndani amelowa jasho. Tulipofika Diaca nikatoa mkasi palepale, nikakata mikono, nikapasua mgongo kidogo. Likawa kizibao. Kwenye baridi kinazuia upepo kifuani, na mvua ilipokuja kutupiga siku nyingine tulikuta kinatosha. Mvua ya kwetu ni ya vuguvugu, mikono ikilowa si msiba. Kumbe kila nilipopunguza, nguo ilizidi kuwa nzuri. Mimi niliyezoea kuongeza lesi nilijiona nimezaliwa upya.

Siku ile ya mkasi, wanawake wa sokoni Diaca walimkazia macho alipoteremka kununua ndizi, naye akawa anaficha miguu nyuma ya baiskeli. Nikafungua kapulana yangu ya juu, nikamfunga kiunoni, tukaendelea na ndizi zetu. Sikulifikiria zaidi jambo lile. Kurudi, kwenye mwinuko, akalipita lori la mihogo. Nilipiga vigelegele juu ya pikipiki mpaka Rizuane akayumba. Moyo ulinienda mbio kama ni mimi niliyekanyaga. Nilitaka zipokewe nguo zile kuliko nilivyotaka zangu, sanduku langu lilipofunguliwa.

Basi sanduku likawa hivi: mashati mawili na suruali mbili, moja ikauke nyingine ikiwa barabarani. Kizibao kimoja. Kitambaa chepesi cha kufunika nywele chini ya kofia ngumu. Soksi. Na kipande cha mti wa msiro na jiwe lake la kusagia, maana uso uliopakwa msiro hauungui jua, na hilo wanawake wa huku hawahitaji kufundishwa. Vyote viliingia kona moja ya sanduku. Nililinyanyua kwa kidole kimoja.

Siku ilipofika, uani kulikuwa hakuna pa kuweka mguu. Zainabo, mama yake mdogo Rizuane, ndiye aliyelileta sanduku kichwani, na alivyotembea kwa wepesi kila mtu aliona. Mama yangu alikuwa ameketi mkekani, mbele, na alishaanza kuwasimulia wageni sanduku lake mwenyewe lilivyobebwa na wanaume wawili. Hadithi hiyo tunaijua sote. Zuleica alikuwa ndani, nyuma ya pazia, uso umepakwa msiro, haonekani wala hasemi, kama ada ilivyo.

Sanduku likafunguliwa. Mama akanyoosha mkono, akatoa shati, akaligeuza. Akalinusa. Akaangalia kola iliyopauka jua, na mshono wa kwapa nilioufumua mara kwa mara.

"Hii imevaliwa," akasema.

Nilitamani ardhi inimeze. Nguo ya sandukuni lazima iwe mpya, haijagusa mwili wa mtu, mtoto mdogo anajua. Nami nilijua. Lakini zile ndizo zilizokuwa zimepona makosa yangu yote, na Zuleica aliapa hazibadilishi na mpya. Nikazifua, nikazipiga pasi ya moto mdogo, nikadhani zitapita. Nilimsahau mama na pua yake.

Minong'ono ikaanza. Mmoja akasema mwari wetu ameletewa mitumba, kalamidade, tena mbele za watu. Zainabo, maskini, akaanza kufunika sanduku alirudishe. Mimi nikafungua mdomo nieleze, nikawahiwa.

"Nimezivaa mimi, bibi," ikasema sauti nyuma ya pazia.

Bibi harusi kusema siku ya sanduku. Kuna wazee walioshika vichwa. Mama hakugeuka.

"Umezivaa kwenda wapi?"

"Diaca."

"Na hii?" Alikuwa ameshika kizibao.

"Hicho nilikivaa Julai, kwenye ile baridi. Nikakivaa tena mvua ilipotukuta. Diaca na kurudi, bibi. Zote zimefika Diaca na kurudi, na hakuna iliyonisumbua. Ningekuletea mpya ungezipenda, lakini ningezivaa mara moja tu."

Mama akaliweka shati mapajani, akawa analipapasa taratibu. Vidole vyake vikafika kwapani, penye mshono, vikakaa hapo. Nilijua anatafuta kosa. Nilimwomba Mungu asilione, na nilikuwa nimeshika mkono wa Zainabo bila kujua nimeushika lini.

"Sanduku langu lilibebwa na wanaume wawili," mama akasema. Nikafumba macho, nikijua hadithi inaanza upya. "Lipo chumbani mpaka leo. Doti nyingine hazijafunguliwa mkunjo. Nilipewa nguo za kwendea kila mahali, sikupewa pa kwenda."

Hiyo haikuwemo kwenye hadithi. Miaka yote hiyo haikuwemo.

Kisha akalinyanyua shati juu kabisa, na akapiga kigelegele yeye mwenyewe, chembamba, cha kukwaruza. Halafu ua mzima ukalipuka. Tulipigia vigelegele mashati, tukapigia suruali na vigodoro vyake, tukapigia soksi. Zainabo alilia na kucheka kwa pamoja. Nyuma ya pazia kulikuwa na mtu anarukaruka, na ada yote ikasahaulika.

Mama akanivuta sikio kama mtoto. Akaniuliza, huyu akifika Diaca akateremka, anajifunga nini? Nilikuwa nimepima kila kitu, na kapulana yangu mwenyewe iliyomstiri sokoni nikaisahau. Akanituma chumbani nikatoe doti ya chini kabisa, ya rangi ya bahari, inayonuka udi wa zamani. Nikaikata katikati, nikapinda pindo papo hapo. Ilikuwa nyepesi sana, ukiikunja inaingia mfuko wa mgongoni. Kipande kimoja kikaenda sandukuni. Cha pili nilitaka kukirudisha, akaninyang'anya.

Fungate ilipokwisha, Jumamosi, Zuleica akatoka na baiskeli yake, mume wake nyuma kwa pikipiki. Mimi nilikwenda kwa mama nimtengenezee chai, nikamkuta amekaa mlangoni, amejifunga kile kipande chake. Mikunjo ya sandukuni ilikuwa bado inaonekana. Hakunywa chai. Kila kengele ya baiskeli ikilia njiani ananyoosha shingo.

Zuleica akafika jua limekwisha kuwa kali, msiro umemchirizika mashavuni, kicheko kimemjaa. Akatoa kapulana mfukoni, akamwekea bibi yake mapajani. Ilikuwa na vumbi jekundu la bara na doa la ndizi.

"Imefika?" mama akauliza.

"Imefika, bibi. Nimeivaa sokoni."

Mama akalisugua lile doa kwa kidole, akaliacha. Akauliza mbele ya Diaca kuna nini. Zuleica akamwambia njia inapanda mpaka juu kwenye uwanda, na huko kuna Mueda.

Mama akaikunja kapulana ile vizuri, akamrudishia mwenyewe mfukoni mwake mgongoni.

"Basi ipeleke na huko," akasema.