Kinanda cha Anayeanza

Muuzaji wa duka la vinanda alituuliza swali moja tu, nalo likanichoma: mpigaji ndiyo kwanza anaanza, au tayari anajua?

Nilimjibu kwa ukali, maana ulimi wangu hauna breki. Nikamwambia huyu unayemwona na koti lililofungwa vifungo kombo ndiye mume wangu, Mwalimu Vidole, amefundisha piano watoto wa nusu ya mji huu, hakuja hapa kuuziwa mdoli. Dada wa watu akaomba radhi. Mume wangu alisimama pembeni akitabasamu. Siku hizi anatabasamu sana, na tabasamu lile silipendi hata kidogo.

Daktari alikuwa ameshatuambia. Kumbukumbu zake zinaondoka, zitaendelea kuondoka, na dawa ya kuzirudisha hakuna. Piano yetu ya mbao ilikuwa imetafunwa na mchwa, nami nikaapa kumnunulia nyingine kabla hajasahau kupiga. Niliamini akipata chombo cha maana, akili ikikimbia, vidole vitabaki. Ndilo tumaini pekee nililokuwa nalo, na nililing'ang'ania kwelikweli.

Dada akatuonyesha kile kikubwa. Ni cha umeme, lakini vitufe vyake ni vizito kama vya piano yenyewe, vyote themanini na vinane, na chini kina pedali tatu. Akaeleza kwamba aliyebobea anahitaji uzito ule ili vidole visilegee, na visikizi vya masikioni vinachomekwa hapa ili majirani walale. Nikamwambia tufungie hicho hicho. Mume wangu akaketi, akapiga wimbo aliokuwa akinipigia enzi za uchumba wetu, mwanzo hadi mwisho, bila kukosea. Moyo wangu ukatulia tuli. Nikajisemea, daktari yule hajui kitu.

Kisha akainuka, akaenda kwenye kona ya vinanda vidogo. Akashika kimoja chepesi, cha wanaojifunza, kile ambacho taa inawaka kwenye kitufe unachotakiwa kubonyeza.

"Tuchukue hiki," akasema.

Nikamwambia hicho si chake. Muuzaji naye akasema kwa upole kwamba mzee atakichoka mapema. Mume wangu akaninyooshea kidole, akasema anayepiga ni huyu. Uso ukaniwaka kwa aibu. Mimi ni fundi cherehani. Vitufe vya piano nimevifuta vumbi tu maisha yangu yote. Nikamshika mkono, nikamwambia mbele ya watu, kwa sauti ya kumsemesha mtoto, kwamba amechanganya, mpigaji ni yeye.

Hakuwa amechanganya. Alinivuta karibu, na tabasamu lilikuwa limemtoka.

"Hicho kikubwa nitakisahau," akasema. "Utakayebaki unakumbuka ni wewe. Nikufundishe sasa, wakati bado najua. Nikisahau, unipigie."

Nililia palepale katikati ya duka, bila haya. Tukaondoka na kile chenye taa.

Alinifundisha kila nilipofunika cherehani. Alikuwa mkali huyo, jamani! Vidole vyangu vimezoea sindano, vilimgomea, naye alinigonga mkono kwa penseli. Nikamwambia ningejua ningeolewa na mpiga filimbi, angalau filimbi ningeificha. Tuligombana, tukacheka, tukagombana tena. Wimbo wetu ule ulinitoa jasho, na nilipoishika nusu ya pili, yeye nusu ya kwanza ilikuwa imeshamtoka. Nikaanza kumwonyesha mimi, polepole. Mwishowe akaacha kuketi nami kwenye benchi, akahamia kwenye kochi. Niliumia, nikaendelea kupiga.

Jana nimeupiga wote, tena nimezima taa za vitufe. Alikuwa kwenye kochi, amefumba macho. Nilipomaliza akanitazama kwa adabu, vile mtu anavyomtazama mwenyeji asiyemfahamu.

"Umepiga vizuri, mama. Mwalimu wako ni nani?"

Nikamwambia ni mume wangu. Akaniuliza kama ni mkali. Nikasema, mkali sana.

Akatikisa kichwa, akanyoosha mkono wake hewani, akanionyesha.

"Kidole cha nne umekilegeza. Usiogope, atakusamehe. Rudia mwanzo."

Nikafuta macho, nikarudia mwanzo.