Jezi Nyekundu ya Whitlock

Dettmer, kocha wa warushaji, alilisema Jumatatu asubuhi mbele ya makocha wasaidizi wote, kahawa zikiwa bado zinafuka moshi: Whitlock yuko tayari. Kocha mkuu Garrity alimtazama kama mtu anayesikia bawaba ya mlango ikilia, kisha akairudisha kanda ya mechi ya Jumamosi mwanzo.

Ilikuwa mechi ya majaribio ya mpira wa Kimarekani, mojawapo ya zile za Agosti ambazo matokeo yake hayaandikwi popote ila watu wanafukuzwa kazi kwa sababu yake. Deshon Whitlock, mrushaji wa akiba, aliingizwa kipindi cha pili. Mrushaji anapokea mpira, anasimama nyuma ya ukuta wa wanaume watano wanaomkinga, anatafuta wa kumrushia kabla wakabaji wa upande wa pili hawajamfikia. Zaidi ya mara moja Whitlock aliutupa mpira nje ya mstari kabla hajaguswa. Hapo ndipo Garrity aliposimamisha picha.

"Mnaona? Anaogopa kupigwa."

Dettmer alikuwa amewafundisha warushaji kuanzia Texas hadi Montana, kwenye timu zilizo hai na zilizokwisha kufa, na alijua hofu inavyofanana. Akawaambia waache kumtazama mrushaji, wautazame ukuta. Garrity alimpa kijana wa watu ukuta wa tatu, vijana ambao baada ya wiki moja wangekuwa wamerudi makwao kuuza magari. Wakabaji waliwapita kama wanapita pazia. Katika hali ile, kuutupa mpira nje ndiko kucheza vizuri. Angeung'ang'ania angevunjwa. Kama Garrity anataka kweli kujua, ampe ukuta wa kwanza Jumamosi hii, nusu mechi, halafu ndipo waongee.

Garrity akasema ukuta wa kwanza ni wa Hollis, mrushaji wake mkuu, na hatauchosha kwa ajili ya mtu wa benchi. Ana njia fupi zaidi. Kesho mazoezini Whitlock avuliwe jezi nyekundu.

Mazoezini jezi nyekundu huvaliwa na warushaji tu, na maana yake ni moja: huyu haguswi. Wengine wote wanagongana mpaka wanatapika, lakini ukimfikia mwenye nyekundu unampapasa bega, mchezo umekwisha. Na bega la Whitlock lilishonwa na madaktari majira ya baridi ya mwaka juzi. Likifunguka tena, siyo nafasi kikosini tu inayokwenda, ni kazi nzima.

"Bega lake unalijua," Dettmer alisema.

"Nalijua. Nataka kujua kama yeye amelisahau."

Wengine wakainamia kahawa zao. Dettmer alitoka mle ndani na hasira zake, na mchana kutwa alipita akijibishana peke yake kama mwehu. Farasi hapimwi hivyo. Hata trekta la mtumba mtu hulijaribu shambani kwanza, halipigi nyundo kuona kama litapasuka.

Siku iliyofuata jua la Ohio lilianza kuchoma mapema. Watu wa mji walikuwa wamepanga viti vyao vya kukunja kandokando ya uzio, na mahindi ya kuchemsha yaliyopakwa siagi mikononi. Whitlock akatoka na jezi nyeupe. Dettmer alimfuata kumwambia ana haki ya kukataa, lakini kijana hakumpa nafasi. Aliuliza tu mchezo wa kwanza ni upi.

Garrity akampangia ukuta uleule wa tatu. Upande wa pili alimweka Tavita Leota, mkabaji mwenye kifua cha jokofu, ambaye naye alikuwa akigombea nafasi yake.

"Samahani mapema, kaka," Leota alimwambia. "Nina watoto."

"Njoo tu," Whitlock akajibu. "Ila uwe umepiga mswaki."

Mpira wa kwanza ukaenda, Leota akamwangusha, na kule mbele mpokeaji akaudaka. Wa pili vilevile. Wa tatu alipigwa kwa upande wa bega, kishindo kikasikika mpaka kwenye uzio, na mwanamke mmoja akaweka hindi lake chini. Whitlock akainuka polepole, akafumba kiganja na kukifumbua, akarudi kwenye nafasi yake. Mpira ulikuwa umefika. Yote mitatu ilikuwa imefika.

"Tena," Garrity alisema.

Leota akageuka. "Kocha, si umefika?"

"Nimesema tena."

Dettmer akapuliza kipyenga. Msaidizi hapulizi kipyenga kwenye zoezi la kocha mkuu, ni sawa na kufunua chungu kwenye nyumba ya watu. Uwanja mzima ukasimama. Alikuwa hamtazami Garrity. Alikuwa akimtazama Brandt Hollis, mrushaji wa kwanza, aliyeketi juu ya kasha la barafu na taulo shingoni, nyekundu yake haina hata doa la majani.

"Hollis, vua hiyo nyekundu. Zamu yako kupimwa."

Hollis akacheka, kisha akaona hakuna anayecheka naye. Garrity alikuja mbio, uso umemwiva.

"Una wazimu wewe? Huyo ni mali ya klabu."

"Na huyu?" Dettmer aliuliza.

Kule kwenye uzio hata watoto walikuwa wameacha kutafuna. Leota alivua kofia yake ngumu, akaiweka majanini, akaikalia. Mkabaji wa pembeni yake akafanya hivyohivyo. Garrity akatangaza kwamba joto limezidi, mazoezi yamekwisha.

Dettmer alimkuta Whitlock kwenye korido ya vyumba vya kubadilishia nguo, barafu imefungwa begani. Alidhani ataambiwa ahsante.

"Nani alikutuma?" Whitlock alisema.

"Wangekuvunja, mwanangu."

"Bega ni langu. Miaka yote nimekaa benchi hakuna anayeniuliza kitu. Leo naulizwa, nimeulizwa kishenzi, sawa, lakini nilikuwa najibu, Kocha. Halafu unanifumba mdomo. Sasa watasema mzee alimwokoa."

Akaingia ndani. Dettmer alibaki pale, kipyenga mkononi. Hasira ilikuwa ileile, ila hakujua tena amwelekezee nani. Alimtetea kijana kwa siku mbili, na katika siku hizo mbili hakuna hata mmoja, yeye mwenyewe akiwemo, aliyemuuliza anataka nini.

Mlango wa ofisi ulikuwa wazi. Garrity alikuwa anatazama kanda ya mazoezi, picha imesimama pale Leota anapofika na macho ya Whitlock yako wazi, yanatazama mbali.

"Hakufumba macho hata mara moja," Garrity alisema, kwa sauti ya mtu aliyeukuta ufunguo wake mfukoni baada ya kuwatukana watumishi. Neno la samahani halikutoka. Alisema Hollis amekuja mwenyewe kuomba akae nje Jumamosi, hakutaka kusema kwa nini. Kwa hiyo Whitlock atapewa ukuta wa kwanza, robo moja.

"Niliomba nusu," Dettmer alisema. "Niliiomba kabla hujampiga mtu."

"Robo. Nenda kamwambie."

"Siendi. Una miguu. Nenda wewe, na usimwambie. Muulize."

Halafu Garrity akasukuma kiti, akapita korido kwa hatua nzito, akasimama kwenye mlango wa chumba cha wachezaji. Dettmer, aliyekuwa nyuma yake, alimwona akikohoa, akijishika kiuno, akilitafuta neno ambalo hakuwa amelizoea.

"Whitlock. Jumamosi ukuta wa kwanza. Unataka robo au nusu?"

Whitlock alikuwa amejiinamia, anafungua kamba za viatu kwa mkono mmoja.

"Mechi nzima," alisema, wala hakuinua kichwa.