Bi Vera Hapandi Volkswagen

"Gari gani hili?" Bi Vera aliuliza, na kabla Priscilla hajajibu, mkono wa yule mama ulikuwa umeshafika kwenye mlango wa nyuma wa gari, unapapasa. Vidole vilishuka taratibu mpaka kwenye nembo ya mviringo iliyo katikati. Vikazunguka duara, vikaingia ndani, vikafuata herufi mbili zilizopandana. Kisha akauondoa mkono na kuufuta kwenye koti lake.

"Sipandi," akasema.

Priscilla alikuwa ameshikilia mlango wa mbele ukiwa wazi, manyunyu yakimlowesha bega. Kiti alikuwa amekisukuma nyuma kabisa ili magoti ya Bi Vera yasibanwe. Alikuwa ameweka na mto, ule wa kijani wa sebuleni ambao Bi Vera aliupenda. Kwanza alidhani hakusikia vizuri. Halafu akadhani ni lile jambo la siku zote, kwamba kuna watu wa mtaa ule wa Kilburn, London, ambao wangekubali mtu mweusi awaogeshe na kuwalisha lakini wasingekubali awaendeshe. Lakini Bi Vera hakuwa mtu wa namna hiyo. Mwaka mzima sasa Priscilla alikuwa akimhudumia, na hawajawahi kukoseana heshima.

"Bi Vera, watu wa hospitali wamepiga simu asubuhi, hawana gari la kuja kukuchukua. Tukichelewa watamwingiza mtu mwingine."

"Nimesikia."

"Na wewe urudi mwisho wa foleni."

"Priscilla, nimesikia."

Operesheni ile ilikuwa imesubiriwa tangu baridi ya mwaka uliopita. Mtoto wa jicho alikuwa ameshafunika jicho la kulia lote, na la kushoto lilikuwa likimfuata mwenzake. Wiki moja nyuma Bi Vera alikuwa amemimina maji ya moto kando ya kikombe, juu ya mkono wake mwenyewe, na Priscilla ndiye aliyemfunga bandeji. Tangu siku hiyo alikuwa akiihesabu operesheni kama jambo lake yeye.

"Mama yangu alikuwa kwenye kiwanda cha hawa Volkswagen," Bi Vera akasema.

Priscilla akaona mambo yanataka kuwa mepesi. "Kumbe alifanya kazi kwao?"

"Hakufanya. Alifanyishwa."

Akamweleza pale pale, wamesimama kando ya barabara, kwa sauti ya mtu anayemwelekeza mgeni njia. Mama yake alikuwa binti wa Kiyahudi kutoka Hungaria. Walimchukua na ndugu zake wote, wakawapeleka kambini, na huko kambini wakamchagua yeye na wasichana wengine wakawapakia kwenye treni mpaka kiwandani. Wale ndugu hakuwaona tena. Gari lile Hitler alikuwa amewaahidi Wajerumani, ndiyo maana likaitwa Volkswagen, gari la wananchi, lakini vita vilipoanza kiwanda kikageuzwa cha silaha, na silaha zile zikaundwa na watu waliotekwa. Vita vilipokwisha, wanajeshi wa Kiingereza wakakifufua kiwanda na kuagiza magari kwa matumizi yao.

"Mama alikuwa bado kitandani hospitalini, hana nguvu ya kushika kijiko," alisema Bi Vera, "na Waingereza wameshaagiza magari."

Priscilla alimhurumia, huruma ya kweli. Lakini mkono wake mwingine ulikuwa umeshika simu, na simu ilikuwa ikionyesha saa. Mambo hayo mawili yalimsukuma kutoka pande mbili, na kilichomtoka mdomoni kilikuwa kibaya kuliko kunyamaza.

"Pole sana, Bi Vera. Lakini hiyo ni miaka mingi. Na hili aliyeniuzia aliniambia limeundwa Uhispania."

Bi Vera aligeuza mkongojo wake, akaanza kurudi kwenye mlango wa nyumba.

Ndipo hasira ikampanda Priscilla, na alijua kwamba haikuwa ya operesheni tu. Gari lile dogo aina ya Polo alikuwa amelipata baada ya miaka ya kukimbilia mabasi, kutoka kwa mzee wa Cricklewood kwenda kwa mwingine wa Willesden, viatu vimejaa maji, akifika amechelewa na kulaumiwa. Na hakuchagua gari lolote lile. Baba yake, Mzee Mwakio, alikuwa mkaguzi wa afya kule Wundanyi, Kenya, na Volkswagen yake ya zamani, ile yenye mgongo wa kobe, ilijulikana milima yote ya Taita. Magari mengine yalichemka kwenye zile kona na kusimama yakifuka moshi, wenyewe wakitafuta maji. La Mzee Mwakio halikuwa na rejeta, halikuhitaji maji, lilipanda. Lilibeba chanjo, likabeba wajawazito, likabeba maiti ikibidi. Priscilla mwenyewe, alipougua malaria utotoni, alilazwa kiti cha nyuma akashushwa hospitali ya Voi usiku, na injini ikinguruma nyuma ya mgongo wake, ina joto, kama mtu aliyembeba. Siku alipoinunua Polo yake aliiegesha chini ya nyumba akapiga picha, akaituma nyumbani. Kaka yake akamwandikia: Mzee angelia.

Sasa mtu amelipapasa na kufuta mkono.

Alimfuata Bi Vera, akamkalisha kwenye kiti cha ukumbini, akampigia Zahid. Huyu Zahid alikuwa mzaliwa wa Mombasa, Mhindi wa Makadara, mwenye teksi yake na Kiswahili chake kisichochuja pamoja na miaka yote ya London. Hakukawia. Bi Vera alisikia mlango wa gari ukifunguliwa, akauliza lile swali lake.

"Skoda, bibi," Zahid akamjibu kwa Kiingereza. "Ya Wacheki."

Bi Vera akainama, akaingia.

Barabara ilikuwa imefungana. Walipofika Edgware Road gari likawa linasogea hatua kwa hatua mbele ya mikahawa ya Waarabu, ambako wanaume walikuwa wamekaa chini ya miavuli wakivuta shisha kana kwamba hakuna mtu duniani anayesubiriwa mahali. Zahid akamtazama Priscilla kwenye kioo, akamwuliza kwa Kiswahili mbona leo hakuja na gari lake, limeharibika? Priscilla akamweleza kwa ufupi. Alisema "gari langu" tu, hakutaja jina.

Zahid akacheka kidogo puani. "Basi dada, afadhali asijue. Hii Skoda ni yao hao hao. Walishainunua kampuni nzima, zamani hizo. Ukifunua boneti hapa, injini ni ya Volkswagen."

Lile neno likaanguka katikati ya Kiswahili kama kijiko sakafuni.

"Mnasema nini kuhusu Volkswagen?" Bi Vera akauliza.

Zahid akaondoa macho kwenye kioo. Mbele yao basi lilikuwa limesimama, taa zake nyekundu zikiwaka. Hospitali ilikuwa karibu, lakini si karibu ya mtu mwenye magoti yale kushuka na kutembea kwenye mvua. Priscilla aliyajua yote mawili ambayo angeweza kusema, na akajua pia kwamba maisha yake yote amekuwa akijisifu kuwa hasemi uongo kwa wagonjwa.

"Nilikuwa namweleza kwa nini hatukupanda gari langu," akasema.

"Ah," Bi Vera akasema, akageuza uso wake dirishani, ingawa dirishani kwake hapakuwa na kitu ila weupe.

Walifika. Nesi aliwagombeza kwa kuchelewa lakini akampokea. Priscilla alikaa kwenye viti vya plastiki na kujaribu kuomba, akashindwa. Kila alipofumba macho alijisikia akisema lile jibu lake zuri, lililokuwa kweli neno kwa neno na uongo mtupu. Alimkasirikia Zahid kwa mdomo wake. Akawakasirikia Wajerumani, na Waingereza, na yule aliyemuuzia gari. Mwisho akabaki amemkasirikia Bi Vera, na hasira hiyo ndiyo iliyokuwa tamu kuliko zote.

Bi Vera alitolewa chumba cha operesheni, jicho la kulia limefunikwa kwa kifuniko cha plastiki, akapewa chai na biskuti. Wakakaa wakisubiri Zahid arudi.

"Ile Skoda ni yao," Bi Vera akasema, akitafuna.

Priscilla alihisi masikio yakipata moto. "Ulijua?"

"Nimeishi na jina hilo tangu nizaliwe. Najua kila walichonunua."

"Tangu lini ulijua? Tangu tulipokuwa njiani?"

"Tangu aliposema Skoda."

Chumba kilikuwa na watu, na Priscilla alishusha sauti. "Basi ulinisimamisha kwenye mvua kwa nini, Bi Vera? Nusura uikose operesheni. Umekataa langu, ukapanda la Zahid, na yote ni ya baba mmoja. Mimi nimekukosea nini?"

Bi Vera akatafuta kisahani kwa vidole, akaweka biskuti iliyobaki.

"Yule dereva alitaka kunifikisha hospitali, basi," akasema. "Wewe wiki tatu unanisimulia uzuri wa gari lako, bila kulitaja jina. Linavyopanda, linavyodumu, baba yako alivyolipenda lake. Ulitaka nilipande na nilifurahie. Hilo siliwezi."

Zahid alipokuja, safari ya kurudi hakutaja tena gari lolote, akiwa amejifunza.

Jioni Priscilla alimsimulia binti yake, Mghoi, nyumbani. Alitaka ashangae. Mghoi aliendelea kukaanga mayai. Alimjibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba hayo walisoma shuleni, kila mtu anayajua, na kampuni yenyewe haikatai. Na ile kashfa ya moshi je, mama hakusikia? Walikiri kwamba waliweka mitambo ya kudanganya vipimo. Lakini watu wananunua tu, alisema, kwa sababu ni magari mazuri. Priscilla alimwuliza kwa nini hakumwambia siku alipolinunua. Mghoi akazima jiko, akamtazama mama yake kwa upole uliomchoma zaidi.

"Ulikuwa na furaha, mama," akasema, na hilo alilisema kwa Kiswahili.

Asubuhi Priscilla aliegesha mbali, mtaa wa pili, akatembea. Alijichukia kwa kufanya hivyo, kama mtu anayemficha ndugu yake. Alipanda ngazi, akafungua kwa ufunguo wake, akanawa mikono. Bi Vera alikuwa ameshakaa kwenye kiti kando ya dirisha, anamsubiri. Priscilla alimtoa kifuniko taratibu, akapangusa kingo za jicho kwa pamba na maji yaliyochemshwa, kuanzia ndani kwenda nje kama nesi alivyoelekeza, akakifungua kichupa cha dawa.

"Angalia juu."

Bi Vera hakuangalia juu. Jicho lilikuwa jekundu, linatoka machozi, lakini lilikuwa limemkazia Priscilla usoni, likapanda kwenye nywele, likashuka kwenye kidevu, likarudi.

"Nilidhani wewe ni kijana," akasema. "Una mvi."

"Ninazo siku nyingi, Bi Vera."

"Na umechoka."

Kwa kusikia sauti ya Priscilla tu, Bi Vera alikuwa amemweka kwenye umri aliotaka mwenyewe, mwaka mzima, na sasa alikuwa anampanga upya. Priscilla alimshika kidevu kwa wororo, akamwinamisha kichwa nyuma juu ya mgongo wa kiti.

"Nisimulie habari za baba yako," Bi Vera akasema, uso ukielekea dari. "Nataka kumjua. Ila gari liache."

"Niliache?"

"Liache kabisa. Baba yako tu."

Lilikuwa ombi dogo. Priscilla akavuta pumzi aanze, na Mzee Mwakio akamjia ameshika usukani. Akamwondoa. Akamjia ameinama kwenye boneti ya nyuma, mikono ina grisi. Akamwondoa. Akamjia anapiga honi kwenye kona ya kanisani ili watoto wapishe, anashuka na sanduku la chanjo, anapangusa kioo kwa shati lake, na kila alikotokea gari lilikuwa nyuma yake, jeupe, linanguruma. Chini barabarani lori la taka lilikuwa likirudi kinyumenyume, likilia. Bi Vera alisubiri, jicho lake jipya limefumbuka wazi. Priscilla alisimama juu yake, kichupa mkononi, akiendelea kumtafuta baba yake akitembea kwa miguu, mahali popote, hata shambani, hata kutoka kitandani mpaka mlangoni. Na kwenye ncha ya kichupa tone lilikuwa limeshajaa, linaning'inia, halijadondoka.