Midomo ya Simba ya Marehemu Donato

Loredana alichungulia bustani kutoka dirisha la jikoni, akaguna. Sakitu, ile baridi inayogandisha umande, ilipiga usiku kucha. Ile midomo ya simba, maua aliyoyapanda marehemu baba yake Donato vuli, siku chache kabla hajaanguka, ilikuwa imelala chini yote, majani yamesawijika. Na leo ndiyo misa ya kutimiza mwezi! Mama yake, Incoronata, alikuwa ameapa kupeleka kaburini maua hayo hayo, si mengine.

Jamani, mtu akihamia mjini Turini kama yeye, akakaa sana, hurudi mjuaji. Loredana hakutaka mama aone yale mabaki. Alitoka, akang'oa safu nzima na kuitupa ndooni. Alikuwa anainamia safu ya pili mlango ulipofunguka.

"We mtoto, acha!" Incoronata alikuwa amevaa viatu vya marehemu mumewe. "Nani kakutuma?"

"Yamekufa, mama. Nitanunua mengine."

"Yamekufa kakwambia nani? Yameganda tu! Yakiganda hayaguswi, yanangoja jua. Baba'ko angekuzaba kofi."

"Haya mama, basi." Ilikuwa sauti ya kubembelezea wagonjwa. "Twende ndani. Jumapili tunaondoka zetu kwenda kwangu Turini. Tangu mazishi huli, hutoki kitandani. Baridi hii, peke yako, huiwezi."

Incoronata alivuta kiti, akaketi pale uani na shali lake.

Jua lilichelewa kuvuka paa la jirani. Lilipoyafikia maua, shina moja lilijinyanyua kidogo, kisha jingine. Kufikia saa sita safu ya pili ilikuwa imesimama wima. Mama akaliminya ua mashavuni, kama Donato alivyowachezea watoto, nalo likafunua kinywa. Ndooni, safu ya kwanza ilikuwa imelegea kama mboga iliyochemshwa.

Loredana aliangua kilio. "Nisamehe, mama. Baba alinifundisha, nikasahau."

"Nyamaza, mwanangu. Yaliyobaki yanatosha." Incoronata alikata mashina taratibu, akampakatisha. "Lakini hata mimi umenitazama asubuhi kama maua haya, kabla jua halijanifikia. Niache hapa hapa."

Walikwenda misani, mama akitangulia na viatu vyake vikubwa.

Jumapili Loredana alipanda treni peke yake. Tiketi ya mama ilibaki mkobani.