Mvi Marufuku Kaunta

Meneja mpya aliingia na neno moja mdomoni, nalo ni "muonekano". Ndizi zikipangwa vibaya, muonekano. Mlinzi akipiga chafya mlangoni, muonekano. Haukupita muda supamaketi nzima ikawa inamwita Bwana Muonekano, ila kwa siri, maana kijana alikuwa mwepesi wa hasira na alivaa suti iliyombana mabegani, na mtu anayebanwa na suti si wa kutaniwa ovyo.

Shangazi hakuwa na neno naye. Alikuwa keshia wa kaunta ya karibu na mlango tangu duka lilipofunguliwa, na hilo jina la Shangazi alipewa na wateja, likamganda hadi mumewe naye akawa anamwita hivyo nyumbani. Alikuwa na mvi za kutosha na ulimi wa kutosha. Mteja akileta mafuta ya kupikia pamoja na dawa ya kiungulia, alimwambia, "Chagua moja, mwanangu, hivi viwili havipatani." Watu walikuwa radhi kupanga foleni ndefu kwake na kuziacha kaunta za jirani tupu, na hilo, tuseme ukweli, lilimvimbisha kichwa kidogo.

Ijumaa moja Bwana Muonekano aliwakusanya wafanyakazi kwenye chumba chao cha kubadilishia nguo. Alisema makao makuu yanataka sura mpya mbele ya wateja. Picha ya Kipusa, keshia mdogo kuliko wote, itatundikwa mlangoni. Na kuanzia Jumatatu, Shangazi, Bucha na Bi Mikate watahamia stoo. Bucha alikuwa fundi wa nyama, pande la mtu lenye ndevu nyeupe. Bi Mikate aliuza mikate na keki, na alikuwa akicheka kabla hujamaliza kumchekesha. Huko stoo kazi ni kubeba magunia ya mchele na maboksi ya mafuta, na shifti yao ingekatwa vipande viwili, alfajiri kidogo na jioni kidogo, hapo katikati kila mtu ajijue mwenyewe.

Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Wazee wa tawi jingine walifanyiwa vivyo hivyo. Migongo iliposalimu amri wakaacha kazi wenyewe, na kampuni ikanawa mikono, eti hatukumfukuza mtu. Shangazi alijua iko siku ataondoka, lakini alitaka siku hiyo aichague yeye, atoke kwa mlango wa mbele akiwa wima, akiagana na watu wake. Kutolewa kwa mlango wa nyuma ameshika kiuno, hapana, hilo hakulikubali.

"Bosi," akauliza, "kosa letu ni umri?"

Bwana Muonekano aliruka utadhani amekanyaga kaa la moto, maana neno umri huita watu wa ofisi ya kazi ya serikali. "Nani kataja umri? Mimi sijataja umri! Ni mvi tu. Pale mbele mvi hazina muonekano."

"Mvi tu?"

"Mvi tu."

"Kwa hiyo mtu akiwa hana mvi anabaki kaunta?"

"Bila shaka," akajibu mbele ya wafanyakazi wote, na hapo akawa amejifunga kamba mwenyewe.

Jumapili wale watatu walijazana saluni kwa binti yake Shangazi. Walikuja na rangi yao ya nywele, ile yenye nembo ya supamaketi yao, kwa sababu wafanyakazi hupunguziwa bei. Hapo ndipo walipokosea.

"Mama, rangi hii mimi siijui," binti alisema akiligeuza boksi huku na huku. "Si nina yangu nzuri hapa?"

"Tumeshanunua, mwanangu. Paka."

"Na Bi Mikate kapaka hina juzijuzi tu. Haitashika sawasawa."

"Itashika," Bi Mikate akasema, na akaanza kucheka.

Basi binti akapaka, kwa kuwa mama ni mama. Kwenye televisheni ya ukutani palikuwa na mpira, na Bucha, ndevu zikiwa zimelowa rangi, akagoma kabisa kwenda kuoshwa mpaka mechi iishe. Mechi ikaingia muda wa nyongeza, kisha ikaenda kwenye penalti. Aliposimama hatimaye kwenda kwenye beseni, maji yalitoka meusi, ndevu zikatoka zambarau. Si zambarau ya kubishania. Ilikuwa rangi ya bilinganya. Bi Mikate yeye alitoka kijani kibichi, na Shangazi akawa bluu ya wino, kichwa chote pamoja na sehemu ya paji la uso.

Walitazamana kwenye kioo. Kisha Bi Mikate akaanza, Bucha akadakia, na Shangazi akacheka mpaka akaishikilia sinki.

"Rudia basi, binti yangu," Bucha alisema akijifuta machozi.

"Nikirudia leo, zitang'oka zote."

"Aa, basi ziache. Bilinganya ni nafuu kuliko upara."

Nyumbani mumewe alimzunguka Shangazi mara kadhaa kama mtu anayekagua gari la mtumba. "Mke wangu," akasema, "sasa hata sokoni siwezi kukupoteza." Lakini usingizi ulipokawia, Shangazi alimshika mkono akamwambia anaogopa. Mumewe akamwambia hata yeye anaogopa, na kwamba kesho aende hivyo hivyo.

Jumatatu Bwana Muonekano aliwakuta wamejipanga mlangoni, aproni zimepigwa pasi. Mdomo ulimfunguka ukasahau kufunga.

"Mvi hakuna, bosi," Shangazi alisema, akainamisha kichwa. "Kagua."

Wenzao wote walikuwa wamekodoa macho, na ahadi yake walikuwa wameisikia. Akaenda kujifungia ofisini.

Mteja wa kwanza alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa maziwa na gazeti kila asubuhi. "Shangazi! Limekupata jambo gani?"

"Tumeambiwa mvi zinaharibu muonekano wa duka," akamjibu, akaendelea kupitisha maziwa kwenye mashine. Hakuongeza chumvi wala hakupunguza.

Mwalimu alivua kofia polepole. Kichwa kilikuwa cheupe pe. "Kumbe na mimi naharibu? Na pesa zangu je, zenyewe hazina mvi?"

Foleni nzima iliangua kicheko, lakini kilikuwa kicheko chenye meno. Habari zikasambaa. Kwenye kaunta ya nyama watu walimwomba Bucha kilo ya nyama na historia ya ndevu zake, akawapa vyote viwili. Wazee waliokuwa wakituma wajukuu dukani sasa walikuja wenyewe, bila kofia. Wote walitaka kuhudumiwa na Shangazi, na wakimaliza walipitia dirisha la ofisi kumpa meneja vidonge vyake.

Kabla wiki haijaisha, Bwana Muonekano alikuja kaunta na sauti ya asali. Foleni ilikuwa imefika kwenye rafu za sabuni.

"Shangazi, nimeongea na wakubwa. Wewe wateja wanakupenda. Utabaki hapa hapa mpaka ustaafu, hata mvi zikirudi. Ila Bucha na Bi Mikate nimeshawaambia waende stoo sasa hivi. Wale, kwa kweli, muonekano wao..."

Tusidanganyane, Shangazi alitamani. Kila alichokiomba moyoni kilikuwa kimewekwa mbele yake, kilichobaki ni kunyoosha mkono. Alimwona Bi Mikate akivua glavu zake taratibu pale kwenye mikate. Kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, Bi Mikate hakuwa anacheka.

Shangazi alimalizia bidhaa za mteja aliyekuwa mbele yake, akamtakia siku njema, akafunga droo na kusimama.

"Basi na mimi naenda stoo," akasema.

Alipita katikati ya rafu na kuwashika wenzake mikono. Walikuwa hawajafika kwenye mlango wa nyuma aliposikia magurudumu. Akageuka. Mwalimu mstaafu alikuwa nyuma yake na toroli lake, na nyuma ya mwalimu foleni nzima.

"Mimi huhudumiwa na Shangazi," mwalimu alisema. "Akiwa stoo, nami nipo stoo."

Matoroli yaliminyana kati ya rafu, watoto wakishangilia. Bwana Muonekano alipiga kelele kutoka mbele, "Jamani, kaunta nyingine zipo wazi! Kipusa, waite wateja!"

Kipusa alifunga droo yake akasimama.

"Na wewe una nini?" meneja akamaka. "Wewe si kijana?"

"Ndiyo, bosi. Ila na mimi nataka kuzeekea kazini."

Keshia wa pembeni yake akasimama, kisha mwingine, kisha wote. Zile mashine zinazolia ti, ti, ti kutwa nzima zikanyamaza. Shangazi, ambaye hakudondosha chozi alipoambiwa ahame, alilia hapo hapo kati ya unga na mafuta, wala hakujificha.

Bwana Muonekano alipenya kwenye matoroli mpaka akawafikia. Jasho lilimtiririka, na suti ilikuwa imeachia begani.

"Rudini kaunta," akanong'ona.

"Nani arudi?" Bucha akauliza.

"Nyote watatu."

"Na shifti?" Bi Mikate akadakia.

"Nzima. Kama zamani."

"Baba, walio nyuma hawajasikia," Shangazi alisema kwa upole.

Ikabidi arudie kwa sauti, mbele ya duka zima, kwamba hakuna atakayeondolewa mbele kwa sababu ya uzee. Watu walipiga makofi, na Bi Mikate akapata tena kicheko chake.

Shangazi alirudi kwa kupitia kaunta ya Kipusa. Msichana alikuwa bado amesimama, akionekana kushangazwa na mdomo wake mwenyewe. Shangazi alimshika mashavu kwa mikono miwili.

"Zeeka, mwanangu," akamwambia. "Zeeka bila wasiwasi."