Alichokisema Leota

Asubuhi ile Leota, mwigizaji, alimwacha mwanawe, Wendell, kitandani na homa, mikononi mwa yaya, kwa sababu mumewe Orville, mwongoza filamu, alimwambia jua halimsubiri mtu. Tusimtwishe Orville lawama zote. Leota naye aliutaka umaarufu, na Hollywood ya siku zile ilijaa wasichana waliokuwa wakiivizia nafasi yake.

Onyesho lilikuwa la mke anayemlilia mume msaliti. Mpiga fidla aliyeletwa kumliza alijitahidi, hata kitunguu kikamenywa, lakini macho ya Leota yalibaki makavu. Mawazo yake yalikuwa kwa mtoto.

"Orville, nyumbani hawajapiga simu?"

"Bado, mpenzi. Kungekuwa na neno wangepiga. Wewe lia, twende zetu."

Alasiri jua likaanza kulegea. Orville akamwashiria mpiga kamera aanze kuzungusha mkono wa kamera, akainua kipaza sauti chake cha bati. Filamu hazikunasa sauti wakati huo, hivyo mwongozaji aliweza kusema lolote kamera ikizunguka.

"Leota, Wendell amefariki."

"Utani gani huo?"

"Si utani. Yaya alipiga asubuhi, mtoto anakuita. Nikamwambia uko kazini. Sasa hivi amepiga tena. Usiufiche uso, mama! Geukia huku!"

Machozi yakamwagika. Leota akamsogelea mumewe, akamwambia, "Wewe ndiye uliyemuua. Sitakusamehe mpaka naingia kaburini."

"Hapo hapo! Safi kabisa!" alipiga kelele Orville.

Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Hawakumjua mzazi huyu.

Filamu ilipozinduliwa, ukumbi ulifurika. Kampuni iliwataka mume na mke waonekane pamoja, basi Leota akakaa kando ya Orville, amevaa nguo zake nyeusi za msiba. Akajiona kwenye skrini akilia, midomo yake ikitamka yaleyale. Kisha yakatokea maandishi ya kueleza alichosema, aliyoyatunga Orville mwenyewe: "Nimekusamehe, mume wangu."

Wanawake wakatoa leso. Leota akasimama, akapaza sauti, "Sikusema hivyo! Nilimwambia amemuua mwanangu!"

Kinanda cha ukumbini kilikuwa kinanguruma. Waliogeuka wakaona midomo yake ikicheza na machozi yakimtoka, wakadhani anawaigizia tena. Wakampigia makofi. Orville akainuka, akasimama kando yake, akainama kuwashukuru.