Koti Jeupe la Studio

Mama alikunywa jagi zima la maji mbele yangu, akafuta mdomo, akaomba jingine. Mimi nilikuwa nimesimama jikoni, mlango wa friji wazi, chupa ya insulini mkononi. Niliinunua mwenyewe wiki mbili nyuma. Kifuniko chake hakikuwa kimeguswa.

"Mama, hujachoma sindano tangu lini?"

"Siku tisa," akasema, kama mtu anayetaja bei ya nyanya. "Na sichomi tena. Nimepata dawa."

Dawa yenyewe ilikuwa juu ya meza: ndoo ndogo ya maji ya kijani, majani ya mpapai yanaelea ndani. Glasi tatu kwa siku, siku ishirini na moja, sukari kwaheri. Mtu ana sukari mwaka wa kumi na nne huu, mguu umeshapoteza kidole kimoja, halafu anaifukuza kwa maji ya majani! Nilipandwa na mori, sisemi uongo.

"Nani kakwambia upuuzi huu?"

"Usiite upuuzi. Ni daktari bingwa. Huyu hapa."

Akawasha simu yake. Alikuwa amemweka mbele kabisa kwenye kioo, mahali ilipokuwa picha ya marehemu baba. Nikamtazama huyo bingwa. Koti jeupe, mikono kifuani, tabasamu la mtu anayejua. Nikatazama vifungo. Cha kwanza cheupe, cha pili cheupe, cha tatu cheusi. Hicho cheusi nilikishona mimi. Nyuma yake pazia la buluu lenye alama ya pasi pembeni, na pazia hilo aliyeliunguza ni mimi vilevile.

Mimi ni mpiga picha. Nina studio ya chumba kimoja, na ukutani nimetundika nguo za kuwaazima wateja: suti moja, tai mbili, joho la mahafali, na koti jeupe. Huyo bingwa ni fundi bomba wa mtaani kwetu, tunamwita Koki. Mwaka jana alikuja kupiga picha ya kitambulisho, akaliona koti, akalivaa kwa utani. Picha ikatoka nzuri mno, nikaiweka kwenye ukurasa wa studio mtandaoni kuvutia wateja. Mtu asiye na haya kaiokota huko, kaiandikia maneno yake, na chini kaweka namba ya simu ya kuagizia "dozi iliyokolezwa". Sasa niambieni, nisifoke?

"Aliyekutumia ni nani?"

Mama akazima simu, akaiweka chini ya mto wa kiti. "Aliyenitumia namwamini. Hajawahi kunidanganya."

Hapo ndipo kichwa kilipochemka. Kwa sababu kwenye kundi letu la familia ni mimi niliyewafundisha. Mwaka mzima nawaimbia: kabla hujaamini, uliza nani kaandika, lini, na anauza nini. Angalia kama kuna mwingine yeyote anayeaminika aliyesema hivyohivyo. Picha ichunguze. Walikuwa wananiita Mwalimu kwa kejeli, nami nilikuwa nakipenda kicheko chao.

Na kwenye kundi lile msambazaji anajulikana. Shangazi, dada yake baba. Kila kinachoingia kwake kinatoka: mwisho wa dunia, nyoka wa vichwa viwili, dawa ya mgongo. Sikuhitaji ushahidi. Nikabonyeza kitufe cha sauti humohumo kundini, hata shikamoo sikumpa.

"Shangazi, kidole chako hicho! Umemtumia mama takataka, kaacha sindano siku tisa. Akifa, kaburi utachimba wewe!"

"Muache shangazi yako," mama akasema. "Si yeye."

"Unamtetea!"

Shangazi akajibu. "Mwanangu, haki ya Mungu kwangu haikufika. Mama yako wifi yangu tangu hujazaliwa, ningemuua kwa lipi?"

Nilimwondoa kwenye kundi, mtu mzima wa miaka sitini na tisa, nikatoka kwenda kumtafuta Koki.

Nilimkuta chini ya sinki la saluni, miguu tu ndiyo inaonekana. Nilimvuta. Njiani nilimwonyesha ile picha, maana ukiitafuta mtandaoni iko kila mahali, akacheka mpaka akashika ukuta. Nilipomweleza habari za mama, kicheko kilikatika.

Mama alipomwona mlangoni aliinuka, na siku hiyo kuinuka kwake ni kazi. "Daktari! Karibu, karibu. Mwanangu, mletee kiti."

"Shikamoo mama," Koki akasema. Suruali ilikuwa inadondosha maji. "Mama, mimi ni fundi bomba. Koki yako ikivuja niite hata sasa hivi. Lakini sukari siijui, na hayo maji sijawahi kuyaona. Koti lilikuwa la dada hapa."

Mama alimtazama kuanzia kichwani hadi viatuni. Kisha akanigeukia mimi.

"Nani alimvika hilo koti?"

"Mimi, mama."

"Na nani..." Akaishia hapo. Akakaa chini taratibu. "Basi uongo umetoka kwenye nyumba yangu mwenyewe. Wewe unayepiga picha za uongo, nikuamini kwa nini leo?"

Nilifungua droo, nikatoa kile kimashine cha kupimia sukari, nikakipuliza vumbi.

"Usiniamini mimi," nikasema. "Wala Koki. Kiamini kidole chako."

Alitoboa mwenyewe, kwa hasira, kama anayenikomoa. Tone likaingia. Mashine haikutoa namba. Ilitoa herufi mbili tu, zile ambazo kijitabu chake kinasema sukari imepita kipimo cha mashine yenyewe. Mama akazisoma, akazirudia. Koki alikuwa ameshakimbia kutafuta gari.

Hospitali walimtundikia dripu kabla hata hatujamaliza kuandikisha jina. Nesi alisoma kadi yake, akaniuliza siku ngapi bila sindano, nikamwambia. "Mngengoja hadi kesho," akasema, "tungekuwa tunazungumza mengine." Alisema hivyo huku akifunga bandeji, hata hakuniangalia.

Jioni ile mama akafumbua macho. "Mpigie shangazi yako, mwambie nimelazwa. Tumia simu yangu, yako hataipokea."

Nikaichukua simu. Na kabla ya kupiga, ibilisi wangu akaniambia: kwanza pata ushahidi, umshike kwa macho yako. Nikafungua ujumbe wa shangazi. Salamu tupu. "Wifi umeamkaje." "Wifi mguu unaendeleaje." "Wifi, sindano umechoma?" Kila asubuhi, mwezi mzima.

Nikashuka chini. Jina lililofuata lilikuwa Kitindamimba. Ndivyo mama alivyohifadhi namba yangu.

Bingwa alikuwa hapo, koti na tabasamu. Juu yake pameandikwa kwamba ujumbe umesambazwa mara nyingi. Chini yake maneno yangu: "Mama, soma hii ya sukari, itakusaidia." Saa nne asubuhi, siku kumi na moja nyuma.

Nikakumbuka. Siku ya picha za wanafunzi, foleni imefika barabarani, mteja mmoja kanitumia, nimesoma neno sukari na kuusukuma ujumbe kwa mama, nikarudi kwenye kamera. Nikatoa simu yangu. Picha ilikuwa bado ina ukungu, na ile alama ya kupakulia katikati. Sikuwa nimeifungua. Nilikuwa nabana bando la intaneti, mimi Mwalimu! Nikaigusa sasa. Ikazunguka, ikazunguka, Koki akatokea, kifungo cheusi hicho. Dunia nzima hakuna mtu ambaye angelitambua lile koti haraka kuliko mimi. Nyani haoni kundule, nilikuwa nawasomea wengine methali hiyo.

Nilijichukia mpaka meno yakaniuma.

"Mama. Mbona hukusema?"

Alikuwa ananitazama, sijui tangu saa ngapi.

"Ulikuwa umewaka," akasema. "Ningekutaja, ungemfokea nani?"

Akageukia ukutani, akalala. Dripu ilikuwa inadondoka polepole. Nilikaa na simu yangu mkononi, nikaandika pole nikaifuta, nikaandika nyingine nikaifuta. Matusi niliyatoa kwa sauti, mbele ya ukoo mzima. Nikamrudisha shangazi kwenye kundi. Nikabonyeza kitufe.

"Shangazi, shikamoo. Aliyemtumia mama ni mimi."